Mistari ya Słania

Ukikuta bahasha ya zamani iliyotoka Sweden, usiitupe kabla ya kupitisha ncha ya kidole juu ya stempu yake. Ikiwa ni ya kuchongwa, kidole kitahisi mistari myembamba, kwa kuwa wino umeinuka juu ya karatasi. Kisha chukua kioo cha kukuzia, utazame ukingo wa chini. Baadhi ya stempu hizo zina jina la Cz. Slania kwa herufi ndogo mno.

Czesław Słania alizaliwa Poland mwaka 1921, akasomea sanaa Kraków. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mkono wake ulitumika kughushi hati za wapiganaji waliowapinga Wajerumani. Stempu yake ya kwanza ilitoka Machi 1951, kuadhimisha miaka 80 ya Komuni ya Paris. Mwaka 1956 alihamia Sweden, na huko akachonga mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2005, akiwa ameacha stempu zaidi ya elfu moja za nchi nyingi.

Kazi yenyewe ni hii. Mchongaji hupewa kibamba cha chuma laini, na picha huichonga kwa ukubwa uleule wa stempu. Hakuna kuichonga kubwa ili ipunguzwe baadaye. Kila kitu hukaa kinyume: uso utakaotazama kulia huchongwa ukitazama kushoto, na herufi hugeuzwa vivyo hivyo. Mkono mmoja unasukuma kalamu ya chuma, mwingine unakizungusha kibamba taratibu. Rangi ya kijivu mchongaji hana. Shavu lenye mwanga ni nukta zilizoachana. Kivuli cha chini ya kidevu ni mistari iliyosongamana na kukatana. Mfereji ukiwa na kina zaidi, wino hujaa zaidi. Mstari ukipotoka, hakuna kifutio. Kazi ikiisha chuma hukazwa kwa moto, na picha huhamishwa kwa mgandamizo mkubwa hadi kwenye bamba la kuchapia.

Wengi huisifu stempu yake ya elfu, iliyotoka mwaka 2000, iliyofuata mchoro mkubwa wa mchoraji Ehrenstrahl uliojaa wafalme na vita. Ni kazi ya kustaajabisha kweli. Lakini mimi nazipenda zaidi sura za watu. Jicho zima ni dogo kuliko punje ya ulezi, nalo linakutazama!

Kazi ya namna hii humdai mkusanyaji naye subira. Ili kuitoa stempu, kata bahasha ukiacha ukingo mpana kuizunguka. Bahasha nyekundu iloweke peke yake, maana huchuja rangi. Tumia maji ya vuguvugu, na usivute: stempu itajiachia yenyewe. Ilaze kifudifudi kwenye karatasi safi inayonyonya maji, na ikianza kukauka iwekee kitabu kizito isijikunje.

Stempu za kumbukumbu huuzwa kwa muda tu, kwa hiyo iliyosafiri kweli, ikiwa na muhuri unaosomeka jina la mji na tarehe, siitoi kwenye bahasha yake. Wapo wanaouona muhuri kuwa doa. Sikubaliani nao hata kidogo. Słania alijua kwamba karani wa posta angeigonga kazi yake, na bado alichonga kila unywele. Bahasha hizo nazihifadhi nzima, mbali na jua, pamoja na barua zake.