Alpaka wa Marekani: Bei Iliyojengwa na Daftari

Kwao, kwenye nyanda za juu za Peru na Bolivia, alpaka hufugwa kwa manyoya na nyama. Walipoanza kuingizwa Marekani kibiashara mwaka 1984, kilichouzwa hasa kilikuwa mimba. Jike wa ukoo mzuri alifika dola 20,000 na kupita, na wanunuzi wengi walikuwa watu wenye ekari chache nje ya mji ambao hawajawahi kufuga hata mbuzi. Bei hiyo ilisimamaje miaka yote ile?

Mnyama mwenyewe alisaidia. Ana kilo 50 hadi 85 hivi, na badala ya kwato ngumu ana vidole viwili vyenye nyayo laini, kama jamaa yake ngamia, kwa hiyo hachimbui malisho. Ekari moja ya nyasi nzuri hulisha watano au zaidi. Kisha kuna jambo ambalo mfuga ng'ombe yeyote atalionea wivu: kundi zima huenda haja mahali pamoja. Asubuhi mwenye zizi anashika koleo na toroli, anazoa rundo lile, anamwaga bustanini, basi. Hapo matangazo ya wauzaji kwenye televisheni hayakuhitaji kutia chumvi.

Chumvi ilikuwa kwenye daftari la ukoo. Jike hubeba mimba kama miezi kumi na moja na nusu, huzaa mtoto mmoja, na pacha ni nadra mno. Tayari wanyama waliongezeka polepole. Daftari, lililoanzishwa 1988, lilidai kipimo cha damu kuthibitisha wazazi wa kila mtoto. Mwishoni mwa 1998 likafungiwa wageni: alpaka aliyetoka nje hakuandikishwa tena. Ungeweza kumleta dume bora kutoka Peru, lakini watoto wake wasingepata cheti, na bila cheti hakuna mnunuzi wa maana. Uhaba ukawa wa makaratasi. Sheria ya kodi nayo iliruhusu mfugaji wa biashara kukata gharama ya mnyama kwenye mapato yake, na wauzaji walilitaja hilo mapema sana katika mazungumzo.

Sasa tupige hesabu ambayo wengi waliiruka. Alpaka hunyolewa mara moja kwa mwaka na kutoa kilo mbili hadi nne. Hata yawe laini namna gani, manyoya hayo hayawezi kurudisha dola 20,000 katika uhai wa mnyama mmoja. Fedha ilirudi kwa kumuuzia mtoto wa kike mfugaji mpya, naye pia akahitaji mpya wake. Majike watano huzaa majike wawili au watatu kwa mwaka; mabinti hao nao baada ya muda wanazaa. Wafugaji wapya ndio waliotakiwa kuongezeka kwa kasi hiyohiyo, jambo lisilowezekana. Mwaka 2007 wachumi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, Tina Saitone na Richard Sexton, waliandika kwamba bei ile haikuwa na msingi wa kiuchumi. Mtikisiko wa fedha wa 2008 ulipopita, wanyama wa maelfu ya dola wakauzwa kwa mamia, wengine wakatolewa bure.

Kuna gharama nyingine ambayo kipeperushi cha wauzaji kiliitaja kwa herufi ndogo, kama kiliitaja. Katika majimbo ya mashariki, kulungu wenye mkia mweupe hubeba mnyoo usiowadhuru wao. Mabuu yake huingia kwenye konokono, alpaka humla konokono pamoja na nyasi, na mnyoo hupanda hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Mnyama huanza kuyumba miguu ya nyuma, kisha hainuki. Kinga iliyozoeleka ni sindano ya ivamektini kila mwezi, na sindano hizo hizo zimewafanya minyoo wa tumboni wazoee dawa. Ua wa kuzuia kulungu, na bata wa kula konokono, ni matumizi bora ya fedha kuliko jike wa cheti.

Kwa mwenye ekari mbili leo, ningemshauri achukue madume watatu waliohasiwa, maana alpaka wa peke yake hudhoofika. Enzi za bei kubwa, dume asiyefaa kuzalisha alionekana hasara. Kwa mtu anayetaka manyoya ya kusokota, samadi, na wanyama wa kutazama jioni, huyo ndiye mwenye faida: hana ugomvi wa majike, ananyolewa kila mwaka, na bei yake haikuwahi kupanda kiasi cha kuanguka.