Kinachobaki DJ Akinyamaza

Aliyekulia kwenye kibanda cha video alijifunza kuusikia muziki wa filamu kwa vipandevipande. DJ anatafsiri, anatania, anawabandika wahusika majina ya mtaani, na sauti ya filamu yenyewe imeteremshwa ili yake itawale. Mara anatulia kumeza mate. Katika sekunde zile mbili tatu fidla zinapenya, na kibanda kizima kinajua kuna mtu anakwenda kufa. Hapo ndipo nilipoanza kuwapanga watunzi. Siwapangi kwa tuzo, maana Ennio Morricone alingoja mpaka umri wa miaka 87 kushinda Oscar ya kushindaniwa. Wala siwapangi kwa wimbo unaopigwa mluzi njiani. Nina vipimo vitatu.

Zima sauti

Chukua Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Marion ameiba dola 40,000 kazini kwake. Anaendesha gari usiku, mvua inamwagika, waipa zinakwenda na kurudi. Zima sauti: unamwona mwanamke anaendesha gari, basi. Irudishe: fidla za Bernard Herrmann zinamfukuza kama polisi ambao bado hawajatumwa. Herrmann alitumia ala za nyuzi peke yake, bila tarumbeta wala ngoma, zikalingana na picha isiyo na rangi. Tukio la mauaji bafuni Hitchcock alitaka liende bila muziki. Herrmann aliutunga vilevile, na mwongozaji alipousikia akabadili nia.

Mtunzi wa kawaida hurudia yaliyokwisha kusemwa na picha: mtu analia, fidla nazo zinalia. Ukizima sauti hujapoteza kitu. Kwa Herrmann unapoteza nusu ya hadithi.

Sikiliza anaponyamaza

Kila mtu anazijua noti mbili za John Williams katika Jaws (1975). Steven Spielberg alipopigiwa mara ya kwanza kwenye piano alicheka, akidhani anataniwa. Sehemu kubwa ya filamu papa haonekani, kwa hiyo noti zile ndizo papa. Lakini tazama wavulana wawili wanapowatimua waogeleaji kwa pezi la bandia. Watu wanakanyagana kukimbilia ufukweni, na noti hazipigwi hata moja. Mwenye sikio anatulia kwenye kiti chake, maana ameshaishika kanuni: muziki ukija, papa yupo.

Kisha Brody, mkuu wa polisi anayemwinda papa, anasimama nyuma ya mashua akimwaga chambo na kunung'unika, na kichwa cha papa kinaibuka majini kimyakimya. Williams alikufundisha kanuni ili apate siku ya kuivunja. Filamu nyingi za mapigano haziwezi kukutendea hivyo, kwa sababu ngoma zao hazipumziki. Debe tupu haliachi kuvuma.

Uliza kwa nini ala hii

Kwa Once Upon a Time in the West (1968), Morricone alitunga muziki kabla picha hazijapigwa, na Sergio Leone akawa anaupiga pale pale waigizaji wakiigiza. Hata hivyo filamu inafunguka kwa dakika kama kumi bila muziki: kinu cha upepo kinakwaruza, tone la maji linadondokea kofia, inzi anamsumbua jambazi. Halafu inaingia harmonika, kile kinanda cha mdomo, inayopulizwa na mtu asiye na jina. Akiulizwa swali, mara nyingi huipuliza badala ya kujibu.

Mwishoni ndipo tunapoonyeshwa sababu. Alipokuwa kijana, kaka yake alisimamishwa mabegani mwake, kitanzi shingoni, na muuaji akamchomeka yeye harmonika mdomoni. Ile sauti ya mkwaruzo tuliyoisikia filamu nzima ilikuwa pumzi ya mtu aliyebebeshwa mzigo. Ala nyingine yoyote isingefaa.

Wapenzi wa filamu za Kihindi wana harmonika yao, ya Sholay (1975). Jai anaipuliza usiku, ng'ambo Radha anazima taa moja baada ya nyingine. Radha ni mjane, na desturi haimpi Jai nafasi ya kumtamkia neno. Kwa hiyo R.D. Burman akaipa harmonika kazi ya kutamka.

Orodha yangu

Wa kwanza ni Herrmann. Alimaliza kurekodi muziki wa Taxi Driver Desemba 1975 na kufariki saa chache baadaye, na saksofoni yake ya mwisho bado inazijua siri za dereva kuliko dereva mwenyewe. Wa pili ni Morricone, ambaye kosa lake ni uzuri: katika The Mission (1986) nimejikuta nimefumba macho kumsikiliza, na picha zikanipita. Wa tatu ni Williams, fundi kuliko wote, ila okestra yake mara nyingine hunihimiza kushangilia kabla sijataka. Wa nne ni Burman, kwa zile taa za Radha.

Wa tano ni John Barry, na hapa Wakenya watanijia juu. Born Free (1966) ilimpa Oscar mbili, Out of Africa (1985) ikamwongezea nyingine. Lakini ndege inapopita juu ya flamingo, zima sauti. Bonde la Ufa limeshajieleza. Fidla zake pana ni tamu, na hazikuongeza habari.

Ukitaka kunibishia, usinitajie tuzo. Nenda kibandani, kaa nyuma, ipe skrini mgongo. DJ akinyamaza, ukamjua anayeingia kabla wenzako hawajapiga kelele, huyo mtunzi mwandike kwenye orodha yako.