Kesi ya mpini: risasi kumi zilivyopenya kiganjani

Mtu aliyevaa bastola ndani ya nguo huumbuliwa na kuinama. Akiwa amesimama wima, shati limemwangukia vizuri na huoni kitu. Akiinama kufunga kamba ya kiatu, au kuchukua pakiti ya maziwa kwenye rafu ya chini, shati linamvutika mgongoni na pembe ngumu inachomoza juu ya nyonga. Pembe hiyo si mtutu. Mtutu umezama ndani ya suruali, umelala na mwili. Kinachochomoza ni kitako cha mpini.

Mnunuzi wa mara ya kwanza hulikosa hilo. Anafika dukani akitaka bastola fupi, na ufupi anaoupima ni wa mtutu. Ukweli ni kwamba ukimwongezea sentimita moja ya mtutu, inazama chini ya mkanda bila kumsumbua mtu, na mara nyingi inaisaidia bastola itulie, isipinduke kwa uzito wa juu. Ukimwongezea sentimita moja ya mpini, jirani ameshaiona. Shida ni kwamba mpini huohuo ndio unaoshikwa na mkono, na ndani yake ndimo zinamokaa risasi. Nguo inataka uwe mfupi na mwembamba. Mkono unautaka mrefu, hata kidole cha mwisho kipate pa kukaa. Risasi zinataka chumba. Wadai watatu, kiwanja kimoja.

Kesi hiyo ni ya zamani, lakini hukumu iliyogeuza soko la Marekani ilitoka mwanzoni mwa 2018, kampuni ya SIG Sauer ilipoleta bastola ya P365, jina lililotokana na siku za mwaka: silaha ya kuvaliwa kila siku. Ilikuwa na unene uleule wa bastola nyembamba zilizokuwa zikibeba risasi sita au saba, ila yenyewe ilibeba kumi kwenye magazini na moja kwenye chemba. Tuangalie walivyozipenyeza.

Kwanza, kwa nini kumi? Namba hiyo haikutoka kwa wahandisi, ilitoka bungeni. Septemba 1994 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyopiga marufuku kuwatengenezea raia magazini mpya za zaidi ya risasi kumi. Ilidumu miaka kumi, ikaisha 2004, ingawa majimbo kadhaa, California na New York yakiwemo, bado yanashikilia kikomo hicho. Wakati huohuo majimbo yalikuwa yakilegeza masharti ya leseni za kubeba bastola iliyofichwa: Florida mwaka 1987, Texas mwaka 1995, na la mwisho kuwa na leseni hizo likawa Illinois mwaka 2013. Mambo hayo mawili yakakutana dukani. Kama magazini ya risasi kumi na tano hairuhusiwi tena, mpini wa kuimeza magazini hiyo ni wa nini? Wabunifu wakaanza kuukata.

Glock wakaukata mpini wa bastola yao ya kiaskari wakapata Glock 26: fupi, risasi kumi, lakini nene kama sentimita 3. Kiunoni inakaa kama ngumi. Upande wa pili wakaja wenye kufuata wembamba. Smith & Wesson walitoa Shield mwaka 2012, na Glock wakatoa Glock 43 mwaka 2015, yenye risasi sita tu kwenye magazini. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa na njia mbili: unene wenye kumi au wembamba wenye sita au saba.

Ili kuona kwa nini njia zilikuwa mbili tu, chukua sarafu kumi za aina moja na rula mbili, uziweke mezani. Sarafu ni risasi inavyoonekana kwa nyuma. Rula ni kuta za magazini. Risasi ya milimita 9, ambayo ilitokana na kazi ya Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, ina kitako chenye kipenyo cha karibu milimita 10, hivyo hesabu ni rahisi. Weka rula zikiachana kwa upana wa sarafu moja. Sarafu zinapanga foleni, na foleni ya risasi kumi ina urefu wa milimita 100. Huo ni mpini mwembamba sana na mrefu kupindukia. Ndiyo maana wenye kufuata wembamba waliishia sita au saba.

Sasa zitanue rula hadi sarafu zikae kwa zigizaga, kila moja ikilalia pengo la mbili zilizo jirani, kama machungwa kwenye fungu la sokoni. Zikikaa sawasawa, upana ni chini kidogo ya sarafu mbili, yaani milimita 19 hivi, na foleni imeanguka kutoka milimita 100 hadi 55. Mpango huu si mgeni. Mbelgiji Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN aliutumia kwenye bastola aliyoikamilisha baada ya John Browning kufariki mwaka 1926. Bastola hiyo, Hi-Power, ilitoka mwaka 1935 ikiwa na risasi kumi na tatu.

Kazi ngumu iko katikati. Rudisha rula hadi upana wa sarafu moja na nusu. Utadhani umepata nusu ya faida. Hupati. Foleni inapungua kutoka milimita 100 hadi 88 tu. Tanua hadi milimita 17, inashuka hadi 74. Ongeza milimita mbili hivi za mwisho, inaporomoka hadi 55. Faida haigawanyiki sawasawa: milimita za mwanzo zinalipa kidogo, za mwisho zinalipa nono. Mbunifu aliyejaribu kupunguza unene kwa kuibana magazini alikuwa akibana pale hasa penye mali.

Kwa hiyo unene unapunguzwa nje ya magazini. Kwenye bastola za chuma za zamani mpini ulikuwa na tabaka: magazini, kisha fremu ya chuma, kisha vibao vya mbao au plastiki kila upande. Plastiki ilipoingia kwenye fremu, ukuta na kibao vikawa kitu kimoja. P365 ikaenda hatua moja zaidi. Mitambo ya triga imefungwa kwenye kijisanduku cha chuma kinachochomoka, na mpini unaobaki ni ganda la plastiki lisilobebeshwa kazi kubwa. Ganda likawa jembamba, nafasi iliyookolewa wakazipa risasi. Juu, magazini inakaza mabega na kurudi kwenye safu moja, maana risasi huingia chemba moja baada ya nyingine. Pembeni mwa mabega hayo ndipo kinapopita chuma kinachounganisha triga na pini ya kugongea, bila kuongeza unene. Matokeo yake ni bastola yenye unene wa milimita 27, urefu wa milimita 147 na kimo cha kama milimita 109, ikiwa na uzito wa nusu kilo hivi kabla ya kupakiwa risasi.

Kijisanduku kile cha chuma kina jambo jingine. Namba ya usajili imechongwa juu yake, kwa hiyo mbele ya sheria ya Marekani hicho ndicho bastola. Mpini ni kipuri. Mwenye nayo anaweza kununua ganda refu kesho, akabadilisha nyumbani kama anavyobadilisha kava la simu.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Kampuni ya Kel-Tec ya Florida ilishatoa bastola iitwayo P-11 katikati ya miaka ya 1990: milimita 9, risasi kumi, unene na urefu usiopishana sana na wa P365, tena nyepesi zaidi. Kama ni kupenyeza kumi, walishapenyeza miaka zaidi ya ishirini kabla. Ni kweli. Lakini P-11 ilikuwa na triga ndefu na nzito, kila risasi ikidai kidole kifanye kazi ya kukoki na kufyatua kwa mvuto mmoja, na kwa bastola nyepesi namna ile mkono ulikuwa ukiyumba kabla risasi haijatoka. Iliweza kubebwa, kupigwa vizuri lilikuwa suala lingine. SIG waliweka triga fupi na nyepesi zaidi, na vilengeo vinavyoonekana gizani. Walichokifanikisha ni kupenyeza kumi kwenye bastola ambayo mtu wa kawaida anaweza kujifunza kulenga nayo.

Haikukosa gharama. Matoleo ya kwanza yalileta malalamiko ya pini za kugongea kuvunjika, na marekebisho yakafanywa. Gharama nyingine haina marekebisho, kwa sababu ni fizikia. Risasi ileile inayofyatuliwa na Glock 17, yenye uzito wa karibu gramu 700 ikiwa na magazini tupu, hapa inafyatuliwa na nusu kilo. Teke linakuwa kali zaidi. Mtutu mfupi unaleta vilengeo karibu karibu, na kosa dogo la mkono linakuwa kubwa kwenye shabaha. Kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, hakina pa kushika. Basi mwaka 2019 SIG wenyewe wakatoa P365XL yenye mpini mrefu na magazini ya risasi kumi na mbili, na wengi wakaipenda. Baada ya kuhangaika kote kule kuufupisha mpini, watu wakalipa fedha waurefushiwe. Nguo ilishinda raundi ya kwanza. Mkono ukakata rufaa.

Iwapo rufaa hiyo itakubaliwa au la, kinachoamua ni kitu cha bei ndogo: ala. Ala bora za siku hizi ni za plastiki ngumu iliyolainishwa kwa joto ikafinyangwa kwa umbo la bastola yenyewe. Nyingi zina kibawa kidogo pembeni, karibu na triga. Kazi yake si dhahiri mpaka uivae: mkanda unakisukuma kibawa, kibawa kinaizungusha ala, na kitako cha mpini kinageukia tumboni badala ya kuelekea nje. Ile pembe iliyochomoza wakati wa kuinama inalazwa. Mwenye ala ya namna hiyo na mkanda mgumu usiopinda anaficha mpini mrefu kuliko mwenye bastola ndogo ndani ya ala ya kitambaa inayoning'inia.

Wamarekani hueleza mahali pa kuivaa kwa uso wa saa: kitovu ni kumi na mbili, nyonga ya kulia ni tatu. Mswahili anayefuatilia mafunzo yao atafsiri kwa uangalifu, kwani mshale ukiwa kwenye tatu, kwake ni saa tisa. Mbele, kati ya kitovu na nyonga, pembe inafichika vizuri na mikono miwili inaufikia mpini upesi, ila mtutu unaelekea kwenye paja na mishipa mikubwa ya damu. Nyuma ya nyonga wengine huona raha zaidi wakikaa, lakini ndiko kuinama kunakomuumbua mtu.

Ala ina kazi nyingine kubwa kuliko kuficha, na inatokana moja kwa moja na ile triga nyepesi. P-11 ilisamehe uzembe kwa uzito wa triga yake. Bastola za sasa hazisamehi, na nyingi huuzwa bila swichi ya usalama. Kinachozuia risasi isitoke ni kwamba hakuna kitu kinachoweza kuigusa triga, na wa kuhakikisha hilo ni ala. Iifunike triga yote, iwe ngumu kiasi kwamba kidole hakiwezi kuibonyeza kutoka nje, na mdomo wake ubaki wazi hata bastola ikitoka. Ajali nyingi za watu kujipiga risasi hutokea wakati wa kuirudisha: pindo la shati, au kifundo cha plastiki mwishoni mwa kamba ya koti, kinatangulia kuingia na kuikuta triga njiani. Ndiyo maana wakufunzi wanasema rudisha taratibu, vuta nguo pembeni kwa mkono wa pili, tazama unakoitia. Kuichomoa huenda kukahitaji haraka. Kuirudisha hakuna siku kulihitaji haraka.

Kwetu Afrika Mashariki swali la kwanza si aina ipi, ni nani. Kenya leseni hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na walio nazo ni wachache. Lakini aliyeipata kihalali yuko mbele ya kesi ileile ya wadai watatu, tena akiwa na shati jepesi la nchi ya joto.

Aanze kwa kuuliza mkono wake. Ashike bastola kadhaa uwanja wa shabaha, apige risasi hamsini kwa kila moja, achague ile ambayo risasi ya hamsini ilikwenda karibu na ya kwanza. Kisha bajeti aitoe kwa ala na mkanda kabla ya kufikiria bastola ndogo zaidi. Mwisho, akiwa nyumbani, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili, risasi zikiwa chumba kingine, aivae, avae shati la kila siku, ampe kioo mgongo na ainame kufunga kamba ya kiatu, huku mtu wa nyumbani akimwangalia. Akiambiwa kuna pembe, ashughulike na ala kwanza. Mpini auache mkononi ulikochaguliwa.