Livingstone Hakunakili, Alihariri

Kila anayelinda data kwa mshahara anaijua kanuni: nakala ya karibu kwa ajili ya kasi, nakala ya mbali kwa ajili ya maafa. David Livingstone aliifuata kati ya Ujiji na Tabora bila seva wala waya, na kwa sehemu kubwa aliifuata vizuri. Palipobaki ndipo alipoharibu.

Julai 15, 1871, sokoni Nyangwe kando ya Mto Lualaba, watu wa msafara wa mfanyabiashara Mwarabu Dugumbe waliwamiminia risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza na kununua. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia Livingstone, kwa hiyo shajara yake ya siku hizo iko juu ya gazeti la The Standard la Novemba 24, 1869: mistari ya mkono inakatiza maandishi ya chapa, kwa wino aliojitengenezea kwa mimea ya huko. Hiyo ndiyo data asilia.

Aliporudi Ujiji mwezi Oktoba, kazi ilikuwa moja tu: kuihamishia kwenye daftari kubwa la chapa ya Letts, neno kwa neno. Yeye akakaa kuihariri. Maneno makali kuhusu mwenendo wa watu wake mwenyewe, wale watumwa wa Mabaniani (wafanyabiashara Wahindi) aliotumiwa kutoka Zanzibar, mengine yakalainishwa, mengine yakaachwa. Angetaka kusafisha lugha, angeifanya kazi hiyo kwenye nakala ya tatu, asiguse ya pili. Urudufishaji unaochagua cha kubeba si urudufishaji, hata kama mhariri ni shahidi mwenyewe na ana sababu zake. Ubaya wake ni kwamba daftari hilo ndilo lililosafiri.

Usafirishaji haukuwa na dosari. Machi 1872 alimkabidhi mwandishi wa habari Stanley daftari likiwa na mihuri mitano, mmojawapo wa sarafu ya dhahabu ya Marekani, na Agosti lilikuwa Uingereza. Urudufishaji wa asinkroni, usiosubiri jibu, naam: nani angengoja London ithibitishe kila mstari?

Alikuwa amejifunza kwa uchungu. Mwaka 1869, papo hapo Ujiji, alitoa furushi la barua zipatazo 40 lipitie njia moja, nalo likapotea. Mwenyewe aliamini wafanyabiashara waliliangamiza wakihofia malalamiko yake. Safu hii imelipigia kelele kosa hilo mara nyingi, na Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, wapo waliogundua kwamba nakala zao mbili zilikuwa zikipita bahari ileile.

Sifa za uokoaji zimezoea kumwendea Stanley. Lakini Machi 1872 hadi Aprili 27, 1873, siku ya mstari wa mwisho aliouandika kabla ya kufa, hakuna kitu kwenye daftari la mihuri. Pengo hilo lilizibwa na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao, waliobeba maiti yake na madaftari kwa miguu kwa takriban miezi tisa, hadi Bagamoyo, Februari 1874. Wasimamizi wa mifumo wa leo, wenye taa za kijani ukutani na ambao hawajawahi kujaribu kurejesha hata faili moja, wangesimama wapi mbele ya wale?

Horace Waller, rafiki yake aliyehariri shajara hizo, alipounganisha vipande na kuchapisha kitabu mwaka huohuo wa 1874, aliyataja magazeti hayo katika utangulizi wake. Yalikuwa mkononi mwake. Hata hivyo, kwa mkasa wa Nyangwe, kilichowafikia wasomaji ni toleo la daftari, nalo likawa ndilo neno la Livingstone. Wino wa magazeti ukafifia hadi ukawa hausomeki. Ni mwaka 2010 na 2011 ambapo timu ya mtafiti Adrian Wisnicki ilizipiga kurasa picha kwa mianga ya mawimbi tofauti, ikazilinganisha na daftari, na kuibua swali ambalo nakala ya mbali haikuwahi kuruhusu liulizwe: je, watu wa Livingstone walishiriki mauaji yale?