Pongezi kwa Wachonga Mawe wa Kompyuta

Hongera zao mafundi wa picha wanaotengeneza jiwe bila kugusa jiwe. Ndani ya Photoshop au GIMP wanaanza na ukurasa mtupu: wanatandaza mawingu ya kijivu, wanatia chembechembe, kisha wanawasha taa ya pembeni. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Programu huhesabu penye weupe kuwa mwinuko na penye weusi kuwa bonde. Mwanga ukipita kiupandeupande, uso uliokuwa bapa unaota nyufa, makovu na vinundu. Fundi hodari haishii hapo. Anajua jiwe la kweli halina rangi moja, basi anapitisha kutu kidogo kwenye ufa, ukijani penye unyevu, na anafuta kila doa linalojirudia, maana jicho hunasa marudio upesi sana.

Heshima ya pekee namwekea Ken Perlin wa Marekani. Baada ya kushiriki kutengeneza filamu ya Tron ya mwaka 1982, hakuridhika na picha zenye sura ya kimashine, akabuni hesabu ya kuzalisha vurugu inayofanana na ya asili. Mwaka 1985 alionyesha picha ya chombo cha marumaru iliyotokana na hesabu hiyo. Tuzo ya ufundi ya Academy aliyopewa mwaka 1997 aliistahili kabisa.