Ng'ombe wa Azimio na Jasho la Rusayl



Tangu Juni 2025, ilipotoka Amri ya Kisultani nambari 56/2025 ya kodi ya mapato ya watu binafsi, barazani kwetu Rusayl hakuna neno linalotajwa kama jasho. Husemwa: hili ni jasho langu, serikali inalitakia nini? Hoja hii tunataka kuipima kwa maandishi ambayo wengi wetu, kwa yaliyowafika wazee wetu Zanzibar, hatupendi hata kuyagusa: Azimio la Arusha la 1967.

Tuseme haki. Azimio lina mfano mmoja mzuri. Anayeitaka serikali itumie zaidi bila ya kuongeza kodi, linasema, ni kama anayetaka maziwa zaidi na huku anakataza ng'ombe asikamuliwe. Mfano huu unawasuta wanaodai hospitali na barabara mpya ilhali mkono hautoki mfukoni.

Lakini una kasoro. Nchi si ng'ombe mmoja, ni zizi zima: yumo aliyenona na aliyekonda. Azimio lenyewe linalijua hilo, kwani linaonya kwamba mikopo ya kujengea miji hulipwa na mkulima wa shamba. Mfano wa ng'ombe unalificha, na hoja ya jasho inajificha papo hapo.

Tutazame hesabu. Kodi mpya, iliyopangwa kuanza Januari 2028, ni asilimia 5 ya kile kinachozidi riyali 42,000 kwa mwaka. Mwenye kupata 50,000 atalipa 400, kabla ya kupunguziwa kwa ajili ya zaka, matibabu na masomo. Kibarua wa kiwandani hapa Rusayl hakikaribii kiwango hicho, lakini tangu Aprili 2021 analipa asilimia 5 ya VAT kila anunuapo shati. Kama jasho ndilo kipimo, yeye ndiye wa kwanza kulalamika, na sauti yake barazani hatuisikii.

Juhudi za mwenye 50,000 ni za kweli. Sisi wahandisi tunazijua. Ila mashine zake zinazunguka kwa umeme na barabara zilizojengwa, kwa sehemu kubwa, na fedha za mafuta, na mafuta si jasho la mtu.

Wapo watakaotukumbusha kwamba Zanzibar ardhi ilitaifishwa 1964. Ni kweli, na donda halijapona. Lakini kutaifishwa si kodi. Kodi ina kiwango kilichoandikwa na siku iliyotangazwa. Aliyenyang'anywa shamba hakuwa na kimoja wala cha pili.

Jambo bora katika Azimio si ng'ombe, ni masharti ya viongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Yaani mkamuaji naye afungwe mikono. Hapo ndipo mjadala wetu ungepaswa kusimama. Tuache kugombania jasho, tuulize ndoo inapelekwa wapi na nani anaihesabu.