Tahadhari Iliyotoka Saa Saba Usiku

Mteremko hauporomoki kwa mvua ya leo peke yake. Mvua kubwa ya saa moja ikikuta udongo mkavu huenda ikapita salama. Ikikuta udongo ulioloa siku tatu mfululizo, kilima kilekile kinashuka. Ndiyo maana wataalamu wa Japani, badala ya kukagua kila kilima, wanaweka hesabu ya maji yaliyobaki ardhini.

Hesabu yenyewe ni ya matangi matatu ya kufikirika, moja juu ya jingine. Mvua huingia tangi la juu. Matundu ya ubavuni hutoa maji yanayotiririka juu ya ardhi. Tundu la chini huyapitisha hadi tangi la pili, kisha la tatu, yalipo maji ya chini kabisa. Jumlisha kilichobaki katika yote matatu, upate kipimo cha maji ya udongoni. Matundu hayo yamepimwa sawa nchi nzima, iwe ardhi ya granaiti au majivu ya volkano. Mwanajiolojia ataguna, na ana haki.

Lakini kipimo hakisomwi kivyake; kinalinganishwa na historia ya eneo husika. Kompyuta huchora grafu: maji ya udongoni upande mmoja, mvua ya saa moja upande wa pili, na mvua za miaka mingi zikiwa nukta. Maporomoko ni machache mno kujengea takwimu, hivyo mstari wa hatari huchorwa zaidi kwa mvua ambazo hazikuleta balaa lolote. Ujanja huo naupenda. Utabiri wa saa mbili mbele ukionyesha nukta itavuka mstari, tahadhari hutolewa.

Mfumo ulianza kazi mwaka 2005, ukaenea nchi nzima mwaka 2008.

Hiroshima, Agosti 20, 2014, tahadhari ilitoka saa 7:15 usiku. Jiji lilianza kuwataka wakazi wahame baada ya saa 10, matope yamekwisha kuingia majumbani. Walikufa watu zaidi ya 70. Matangi hayakukosea, uliochelewa ni uamuzi. Naelewa kusita kwao, maana tahadhari nyingi hupita bila poromoko, na kuamsha mitaa mizima gizani chini ya mvua nako kuna hatari zake. Novemba mwaka huohuo sheria ilirekebishwa: sasa mkoa unalazimika kuifikisha tahadhari kwa miji yake na kuwatangazia wananchi.